Sambusa za Ijumaa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Barabara ya Bagamoyo, Tegeta.

"Kinu, hapa Mchi. Funga njia. Asipite hata nzi."

Mchi ni Bi Zuena, bosi wa operesheni, kwenye redio ya Motorola. Kinu ni Revelian, jasusi wake.

Akafunga.

Msafara wa Askofu Leodegar ulikuwa unapita, unakwenda kupatanisha makundi mawili ya ng'ambo ya ziwa yaliyouana miaka tisa. Mabalozi wenye tai walishindwa. Wakamwita mwenye msalaba.

Nyuma kwenye foleni lilikwama gari la wagonjwa. Ndani alilala Demetria, mke wa Revelian.

Revelian hakujua. Na wakubwa hawakuuliza. Wao foleni wanaionaga kwenye taarifa ya habari.

Nesi Vaileth, aliyekuwa naye garini, alimhadithia Revelian msibani. "Braza, niliukimbilia msafara, nikagonga kioo cha askofu kama kichaa. Akashuka mbio na kanzu yake. Akampaka mafuta, akamuungamisha. Mie wakanitoa nje. Dakika nne nzima dada anamnong'oneza."

Dakika nne. Za mwisho.

Kapewa mwanamume mwingine.

Siku ishirini na nne baadaye, Ijumaa, saa nne asubuhi. Nyumba ya mafungo, Kinyerezi. Revelian, bastola ya Glock kiunoni, alisimama ukutani akimlinda askofu yule yule mpaka makundi yatie saini.

Alimtazama akishikana mikono na majenerali. Kidole gumba kile. Ndicho kilichogusa paji la uso la Demetria. Mabalozi wanampiga picha, majenerali wanacheka naye, na kichwani kabeba maneno ya mke wa mtu!

"Kinu," Zuena akasema sikioni mwake. "Unamkodolea mzee wa watu macho kama mgoni wako. Acha hizo."

"Nipo kazini, bosi."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akaingia sista mgeni, kitambaa cheupe kichwani, kakumbatia hotpoti kubwa.

"Shikamoo Baba Askofu. Karibuni sambusa. Za nyama, bado za moto."

Revelian akaganda.

Ijumaa. Tena ya Kwaresima, Mkatoliki hali nyama. Siku kama hii Demetria alikuwaga anamfungia kabatini hata supu ya utumbo. "Utakula kesho, mpagani wee!"

Sista gani anamkaribisha askofu nyama leo?

"Mchi, huyu siyo sista!"

"Una uhakika?"

Hakujibu. Aliruka meza, akampokonya hotpoti. Nzito kama jiwe la kusagia. Hatua tatu, dirisha. Nje kulikuwa na shimo la karo lililochimbwa juzi. Akairushia humo.

"Laleni chini!"

Kishindo. Vioo vikamwagika. Dongo jekundu likanyesha juu ya bati.

Mwanamke akachomoa Makarov kwenye vazi. Revelian akamtandika kiwiko, bastola ikateleza chini ya meza. Pingu.

"Nani kakutuma?"

"Wauza bunduki. Hawa wakipatana, watamuuzia nani?"

"Na nyama je?"

Mwanamke akashangaa. "Nyama imefanyaje?"

Majenerali walitia saini palepale, vumbi kichwani, wakipokezana kalamu moja. Chai hakuna aliyeitaka.

"Kinu, wakubwa wanakupongeza."

"Waambie wafungue barabara."

Askofu alimfuata barazani, akijikung'uta.

"Mwanangu, umeniokoa. Nikupe nini?"

"Dakika nne zangu, Baba."

"Sijakuelewa."

"Tegeta. Gari la wagonjwa. Demetria ni mke wangu."

Uso wa mzee ukabadilika.

"Pole sana, mwanangu. Lakini yale ni maungamo. Hata ukiniwekea hiyo bastola mdomoni, sisemi."

"Majenerali umewafungua midomo, mie unanifungia wako?"

Askofu akafunika msalaba wake kwa kidole gumba kile.

Revelian akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akazima redio, akatembea taratibu kuelekea getini. Hapo akasimama. Hakugeuka.

"Sitaki yote, Baba. Moja tu. Alijua ni nani aliyefunga njia?"