Ndege Iliyogeukia Magharibi

Jua lilikuwa limehama.

Walipopaa lilikuwa kulia. Sasa lilikuwa nyuma, na kivuli cha ndege kilikimbia mbele yao juu ya vilima.

Kipanga aliitazama saa yake ya Garmin, yenye dira. Kutoka kiwanja cha ziwani hadi kiwanja cha mjini ni kilomita mia tatu, kwa ndege ndogo kama hii Cessna Caravan ni kama saa moja hivi, kuelekea kaskazini. Hawa walikuwa wanakwenda magharibi.

Magharibi ni mpakani.

Pembeni yake alikaa muuguzi aliyefungua sanduku la dawa akakuta bunduki. Mchana huu alitakiwa kusimama mahakamani na kuwataja waliozileta. Kipanga, jasusi wa idara ya usalama, alipewa kazi moja: amfikishe.

Kiti cha mbele kilikuwa na mtu wa suti ya kijivu. Alipanda mwisho, bila mzigo.

Kipanga aliinua simu ya setilaiti, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akampigia Mkuu wake wa idara.

"Mkuu, tumeacha njia."

"Najua. Tulia kwenye kiti chako. Wewe utarudi nyumbani salama."

"Na muuguzi?"

"Huyo si wako tena. Hiyo ni amri."

"Basi amri hiyo tafuta wa kumpa."

Akakata.

Muuguzi alikuwa amesikia. "Dada, mimi sikubeba mimba miezi tisa nije kumwachia mwanangu nchi ya watu hawa. Nifanye nini?"

"Funga mkanda. Kaza."

Mtu wa suti aligeuka, bastola mkononi. "Kaeni kimya, mama zangu. Safari imebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Kipanga aliuliza, huku mkono wake ukishuka chini ya kiti.

"Kiasi cha kusali."

Mtungi wa kuzimia moto ulitoka chini ya kiti.

Unga mweupe ulimjaa mtu wa suti usoni. Risasi ikatoboa dari. Kipanga akamshindilia mtungi kwenye kifundo cha mkono, kisha kwenye taya. Suti ya kijivu ililala sakafuni, nyeupe pe.

Muuguzi alifungua mkanda, akampima mapigo ya moyo. "Anapumua," alisema, kisha akamfunga mikono kwa bendeji iliyotoka kwenye mkoba wake.

Kipanga aliingia kwa rubani na bastola yake, Glock.

"Kaskazini."

Rubani alicheka, ingawa jasho lilimtiririka. "Hupigi. Ukiniua, nani ataishusha?"

"Nani kasema kukuua? Sikio halirushi ndege. Na unayo mawili."

Mdomo wa bastola ukagusa la kushoto.

Rubani alizungusha usukani. Bawa la kulia likainama. Jua likarudi mahali pake.

"Mafuta yatatosha?"

"Yatatosha," rubani alinong'ona. "Kwa shida."

"Shida tumeizoea."

Walitua wamechelewa nusu saa. Mwendesha mashtaka alisubiri kando ya njia ya kutua ndege na askari wake mwenyewe. Muuguzi alishuka kwanza, akakung'uta unga kwenye sketi.

"Nipelekeni sasa hivi," alisema. "Hasira bado ya moto."

Kipanga alimkabidhi mwendesha mashtaka ile simu. "Sauti ya Mkuu imo humo."

"Amenipigia. Anasema umeasi amri."

"Hajakosea."

Akavaa miwani yake ya jua, akawapita askari wakimburuta rubani, akaenda kutafuta chai.