Mashimo ya Fuko

Kila asubuhi katika nyumba ya fundi wa baiskeli ilianza kwa mlio wa gurudumu. Fundi aliipindua baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu, na mama yake, aliyekaa kwenye kigoda pembeni, akatega sikio. Macho ya bibi huyu yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yake hayakuwa na mpinzani.

"Linayumba hilo," akasema. "Kaza spoku, mwanangu, usije ukamuua mtoto wa watu."

Fundi akakaza. Mkewe akacheka huku akijiandaa kwenda kiwandani kushona, na bangili nene ya shaba mkononi mwa mama ikagonga kigoda. Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na amani.

Kisha ikaja mashine.

Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini, na hedifoni za kuziba masikio. Ukiipitisha juu ya chuma kilichofukiwa, inalia. Fundi aliinunua aliposikia kwamba wapo watu wanaozitafuta senti za shaba za zamani kama dawa. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shamba la pamba lililokufa, limeota nyasi, likisubiri kukatwa viwanja. Vibarua wengi walilipwa ujira wao pale, na mifuko ya vibarua haikosi matundu.

Mama yake alikuwa mmoja wao. Alilijua shamba lile kwa nyayo, tuta kwa tuta. Hata macho yalipofifia, alilivuka peke yake kwa fimbo yake, akaenda kupiga soga kwa shoga yake upande wa pili, akarudi salama.

Siku ya kwanza fundi alipata senti moja, ya kijani kwa kutu. Mnunuzi wa vitu vya kale aliigeuza mara moja akalipa bila kubishana. Angebishana, pengine tusingekuwa na hadithi.

Tangu hapo fundi hakukaa. Mashine ikilia, anachimba. Mara nyingi alitoa msumari au kipande cha waya, na kabla hajafukia, mashine imelia kwingine, naye huyo! Majirani wakambatiza jina la Fuko. Alicheka nao. Baiskeli za wateja zikabaki miguu juu zikiota kutu, na mama akabaki kwenye kigoda bila gurudumu la kusikiliza.

"Fukia mashimo yako," mkewe alimwambia.

"Nani anapita kule? Nyoka?"

"Mama anapita."

"Nitayafukia yote kwa mkupuo nikimaliza."

Msomaji, unaijua hiyo "nikimaliza"? Ni ndugu yake "kesho", tumbo moja.

Shimo moja alilipanua akifuata sauti, mpaka likawa na kina cha kiuno na urefu wa mtu. Mkewe alipoliona alirudi hatua nyuma. Hakulipenda umbo lake.

Daktari wa macho alikuwa akija zahanati ya jirani mara chache, na fundi alikuwa ameshamkosesha mama yake nafasi zaidi ya mara moja. Safari hii aliapa. "Saa sita kamili nitakuwa hapa, mama. Vaa kabisa."

"Haya. Nikifunguliwa macho, cha kwanza nitautazama uso wako, nijue kama kweli nilizaa fuko."

Wakacheka wote. Fundi akachukua mashine yake akatoka.

Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mbichi uliifanya mashine iimbe vizuri kuliko siku zote. Saa sita ikamkuta amepiga magoti. Akajiambia, hapa tu, kisha naondoka. Katikati ya milio akasikia kitu chembamba, kama mtu anaita kwa mbali. Akadhani ni mashine inachanganya. Akazibana hedifoni kwa viganja viwili ili asikie vizuri kilichokuwa chini.

Jua lilipoanza kushuka ndipo alipokumbuka zahanati. Aliona aibu, akaanza kurudi haraka, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea. Sahani iliendelea kufagia nyasi mbele yake. Ghafla mashine ikalia mlio mnene, safi, usio wa msumari. Shaba! Moyo ulimruka kwa furaha. Akapiga magoti, akapenyeza mkono katika nyasi zilizolalia ukingo wa shimo.

Vidole vyake vikagusa kitambaa. Kisha bangili.

"Mama!"

Alizing'oa hedifoni. Mama yake alikuwa ameegemea udongo ndani ya lile shimo refu, amevaa gauni lake la kutokea, limejaa matope, mkono mmoja ameunyoosha hadi ukingoni. Mguu ulikuwa umekaa vibaya.

"Nilikuja kukukumbusha," mama alisema, sauti imekauka. "Nimekuita sana. Nilikuwa nakusikia unavyochimba, hapo hapo karibu."

Fundi aliruka shimoni, akalia kama mtoto, akimpakata.

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema. "Bahati yangu nimevaa shaba."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Kulala sana kukamletea maradhi ya mapafu, na mama yule akafariki kabla daktari wa macho hajarudi. Uso wa mwanawe hakuuona tena.

Fundi aliivunja mashine kwa nyundo. Mashimo je? Kila siku huenda na jembe kuyafukia, lakini nyasi zimeota, na hakumbuki yote yalipo. Mkewe hapiti tena kule. Wewe nawe usipite.

FUNZO

Jamani, kutafuta riziki si kosa. Kosa ni kuweka masikio yote kwenye faida, nyumbani wanakuita husikii. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani; mara nyingi linalovunjika ni la asiye na kosa. Basi ukichimba shimo, lifukie kabla hujaondoka. Na kama una mzazi anayekusubiri leo, amka uende sasa hivi.