Aliyekata Mwaridi wa Njano

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu Ernestine alifungua mlango wa nyuma wa nyumba yake mtaani Nyamianda, akakuta mwaridi wake wa njano umekatwa. Jana yake ulimpita kimo. Sasa yalibaki mashina matano yanayofika gotini, na kando yake lundo la maua na majani. Wiki moja baadaye binti yake Ornella alikuwa aingie kanisani kuolewa, akiwa ameshika maua hayo hayo.

Kufikia saa mbili, Kwizera, mtunza bustani wake kwa miaka sita, alishapelekwa kasho ya polisi, majirani wakitazama. Siku za kazi yeye tu alilala katika ua ule, na mkasi wa kupogolea ulikutwa katika chumba chake cha pale.

OPJ Aline, mpelelezi aliyekabidhiwa kesi, alifika saa tatu. Alichuchumaa, akainua lile lundo. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mkavu kama unga, ilhali bustani nzima ilikuwa na unyevu.

"Mvua ilinyesha saa ngapi, Mwalimu?"

"Jana saa mbili za usiku. Ilikuwa fupi tu."

"Na mchana weye ulikuwa wapi?"

"Kwa mshonaji na Ornella, toka saa nane. Tulirudi giza limeingia, umeme hakuna. Sikuona kitu."

"Basi rozi ilikatwa jana alasiri, mbele ya mvua. Si usiku."

Aline alisogeza uso karibu na mashina. Kila pigo la mkasi lilikuwa la mshazari, juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, jinsi hasa mtaalamu anavyopogoa. Juu ya kila jeraha palikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Alikikwangua kwa ukucha. Nta.

"Kwizera anapaka nini akishakata?"

"Udongo mwekundu. Siku zote."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Papa Basile, yule mzee wa parokia, anakuja na mkasi wake kila Ijumaa kuchukua maua ya altare, lakini yule iko muntu wa Mungu. Muulize Vainqueur, muuza maua wa Kalundu! Aliniomba rozi hii mara tatu kwa ajili ya harusi za watu. Nilimkatalia, akaondoka anafoka."

Saa tano Aline alikuwa Kalundu. Vainqueur alikuwa akifunga vitambaa kwenye viti vya sherehe, na aliposikia sababu ya ugeni ule alicheka.

"Kufoka nilifoka, shefu. Lakini maua bado iko pale chini?"

"Yote."

"Na vijiti?"

"Hakuna hata kimoja."

"Sasa minye vijiti nifanyie nini? Ningebeba maua."

Aline alikuwa ameshafika kwenye jibu hilo. Mtu anayeacha maua na kubeba vijiti anataka kupanda.

Alasiri alimhoji Kwizera kasho. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Ijumaa kuanzia saa nane nilikuwa Kavimvira natafuta mbolea ya ng'ombe, nikarudi giza limeshaingia. Muulize Onesphore, mwenye zizi. Minye siko mwizi, shefu."

Onesphore alikuwa amesafiri. Alipatikana Jumapili asubuhi, akathibitisha: walipakia mbolea pamoja mpaka saa kumi na moja.

Saa tano na nusu, misa ilipokwisha, Aline aliwakusanya bustanini: Mwalimu Ernestine, Vainqueur, Kwizera aliyetoka naye kasho, na Papa Basile, mzee mwembamba anayetunza altare na mishumaa ya parokia. Aliwaeleza juu ya udongo mkavu, Onesphore na vijiti. Kisha akageuka taratibu.

"Papa Basile, nani alikufundisha kufunga jeraha la rozi kwa nta ya mushumaa?"

"Noella," alisema mzee. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

Noella alikuwa mke wake. Kila mtu pale alijua kwamba mafuriko ya mto Mulongwe yalimchukua, yeye na nyumba.

"Mwalimu," Aline aliuliza, "rozi hii uliipata wapi?"

Ernestine alijibu kwa sauti ndogo. "Mulongwe. Kwenye matope, kisha ya mafuriko. Nilidhani haina mwenyewe."

"Ilikuwa mulangoni pangu," Basile alisema. "Noella aliikata kila mwaka kwa mikono yake. Niliitambua siku ya kwanza nilipokuja kwa maua ya altare. Nikakuomba kijiti kimoja, Mwalimu. Ulisema unataka iwe moja tu katika Uvira yote."

"Hukuniambia ilikuwa ya Noella!"

"Ulikuwa umeshaipa jina la binti yako, Ornella. Ningesema nini? Kaburi lake liko tupu, hata ua moja hakuna. Ijumaa nilikuta ua hauna muntu. Nilitaka vijiti viwili tu. Nilipoanza, mkono ulikataa kusimama. Lakini sikuiua. Itachipua."

"Hilo la rozi naelewa, Papa," Aline alisema. "Lakini Kwizera alilala kasho, na weye ulijua. Leo asubuhi umewasha mishumaa na kunyamaza. Hilo utaliandikia maelezo, na utasaini."

Basile aliinamisha kichwa. Ernestine alisema anaondoa mashtaka ya mwaridi, kisha akamkaribia Kwizera.

"Kesho utakuja kazini?"

Kwizera alitikisa kichwa.

"Mwalimu, bibi yangu anaambiwa kisimani kwamba bwana yake ni mwizi. Watoto wamechekwa. Twende kwangu kwanza. Useme pale, kwa sauti ile uliyoniitia polisi."

Ernestine hakurudi ndani kuchukua hata kitambaa cha kichwa. Alitoka langoni na kandambili zake za bustani, Kwizera mbele, Papa Basile nyuma yake, jua la saa sita likiwa utosini. Majirani walipouliza waenda wapi, alijibu akiwa bado njiani, akipaza sauti ili nyumba ya tatu isikie:

"Kwizera hakuiba! Minye ndiye nilikosea!"