Abiria wa Norris Threlfall

Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa kimebonyea kama mtu aliyekikalia ameondoka sasa hivi. Norris Threlfall alikipiga makofi, ngozi ikainuka. Aliporudi na ndoo ya maji, kilikuwa kimebonyea tena.

"Springi zimechoka," alimwambia mkewe.

"Hata zangu zimechoka," alijibu Glenys. "Ungeanza na mimi."

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la mwaka sitini na nne, la kijani, dashibodi yake ya mbao. Huku Harrowdale watu huyanunua magari hayo ili wayasugue Jumapili na kupungiana mikono wakipishana barabarani. Norris alilinunua kwa bei ya kutupa, liwe la kila siku. Basi la bondeni lilikuwa limefutwa, na Glenys ilimlazimu kufika hospitali mara tatu kwa wiki, mashine imsafishe damu, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Akikosa wiki moja, anazikwa.

Mjane aliyemwuzia, Bibi Winstanley, alimwachia neno moja tu. "Hiyo medali hapo dashibodi, mwanangu, iache hapo hapo." Ilikuwa ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, imekazwa kwa skrubu mbili.

Hapa sina budi kukiri. Sisi wa kanisa dogo la mlimani hatuna sanamu wala medali, na mzee wa kanisa ni mimi. Baada ya ibada nilimcheka mbele ya watu. "Bwana Threlfall, siku hizi unalindwa na bati?" Kesho yake asubuhi alikuja kuazima bisibisi. Nilimpa. Mungu anisamehe, nilisimama pale nikamshikia na skrubu akiing'oa medali.

Jumanne gari liliwaka mara moja. Walipokuwa wakipanda mlima, Glenys alikunja pua.

"Umebeba mbwa humu?"

"Mbwa gani?"

"Kuna harufu ya koti la sufu lililolowa. Na pipi za mnanaa."

Nyuma yao mtu alikohoa, taratibu, kwa adabu, kama asiyetaka kukatiza mazungumzo ya wenyewe. Hakuna aliyegeuka.

Hospitalini Glenys alishuka. Norris alipotaka kumfuata, mlango wake ulikataa, na wa pili ukakataa, vioo havikushuka, honi haikulia, akakaa humo saa nne nzima mchana kweupe, watu wakipita na maua yao mkononi bila kumtazama, huku kioo cha nyuma kikifanya ukungu kwa ndani, pumzi moja baada ya nyingine, na ile harufu ya mnanaa ikisogea kidogo kidogo mpaka ikafika nyuma ya sikio lake. Glenys aliporudi akagusa kitasa, milango yote ilifunguka.

Fundi alifungua vitasa vyote, asione kasoro. Norris akaja kwangu na medali, tuirudishe. Hatukupata pa kuikaza. Matundu ya skrubu yalikuwa yamefunga kama kidonda kilichopona, mbao laini tupu. Tulimwita mchungaji. Tulisali watatu ndani ya gari, tukasema amina. Nyuma yetu sauti ya nne ikasema amina, ikiwa imechelewa kidogo.

Mchungaji alirudi kwake kwa miguu.

Alhamisi Glenys alifungua mlango wa nyuma, akakaa.

"Njoo mbele, mke wangu," Norris alimnong'oneza.

"Ananiambia huko mbele kuna baridi."

"Nani?"

"Hajataja jina. Anauliza kwa nini kila safari tunasimama pale hospitali. Yeye hapendi kusimama."

Siku hiyo gari lilipita lango la hospitali bila kupunguza mwendo, Norris akiwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, likazunguka mji likarudi, likapita tena, na tena, mshale wa petroli haushuki, Glenys ameegemea kioo akilitazama lile dirisha la chumba cha mashine likija na kwenda, uso wake ukizidi kuvimba na kuwa wa kijivu, mpaka mara ya tisa Norris akaachia breki, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepatana na jirani:

"Mwache yeye ashuke. Mimi nitakuendesha."

Gari likasimama. Mlango wa nyuma ukafunguka, mmoja tu.

Tangu hapo nampeleka Glenys mimi, mara tatu kwa wiki. Ndiyo kitubio changu, nacho ni kidogo. Norris hajashuka. Tunapishana naye barabara ya bondeni, ndevu zimemfika kifuani, na wenye magari ya kale humpungia mikono kwa furaha, wakiona gari la zamani linafanya kazi kila siku. Naye huwapungia.

Jana tulipishana polepole, njia ikiwa nyembamba. Norris hakuinua mkono. Alitutazama tu, akatikisa kichwa, kama anayekataza. Mkono uliopunga ulitoka kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ndani ya mkono wa koti uliolowa, ukipunga kwa adabu.

"Usiujibu," nilimwambia Glenys.

Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha inuka.