Udongo wa Wapiga Upinde

"Udongo ni udongo!" kaka yangu Dhuna alinifokea, jembe begani. "Au unataka nijengee maneno yako?"

"Jengea mavi ya ng'ombe," nikamjibu. "Kile kifusi ni babu zetu."

Sijui kuzungushazungusha. Nilimwambia mbele ya mkewe Maino na mbele ya nusu ya kijiji. Mwaka wa uasi, sisi Wasantali wa India tulipochoshwa na wakopeshaji na Waingereza waliowalinda, wanaume wetu walijifungia katika nyumba ya udongo wakapigana kwa mishale. Askari wakaitoboatoboa kwa risasi mpaka ikawaangukia, kisha wakakataza maiti zisichomwe. Kwetu maiti huchomwa, na vipande vya mifupa hupelekwa mto Damodar. Asiyefikishwa mtoni hajafika kokote.

Mvua zikaiyeyusha ile nyumba, ikabaki kifusi chekundu ambacho kila mtu alikipita kwa mbali. Dhuna aliona urahisi tu: udongo wake haukuhitaji kuchekechwa.

"Mifupa iko wapi?" alinicheka. "Nimechimba chote, sijaona hata jino."

"Na hilo halikutishi?"

Akatema mate.

Nyumba ikasimama. Asubuhi moja nikapita, nikamkuta Maino anasiriba ukuta kwa viganja, kama wanawake wetu wafanyavyo kabla ya sikukuu ya mavuno. Jua kali, kuku wanaparua uani.

"Shemeji, umekuja kusaidia au kununa?"

"Kununa. Nikisaidia nitapata nini?"

"Pombe ya mchele. Ila utakunywa na kaka yako."

"Basi acha ninune."

Alicheka. Kisha viganja vyake vikasimama ukutani.

"Njoo uguse hapa," akanong'ona. "Pana joto."

Niligusa. Palikuwa na joto kama mgongo wa mwenye homa. Na palikuwa pakipanda na kushuka.

"Toa mkono, shemeji," nikamwambia Maino.

"Siwezi."

Mkono wake ulikuwa umezama hadi kwenye kifundo. Nikauvuta. Haukuja. Udongo uliokuwa mbichi ukaanza kukauka kuuzunguka, huku namtazama. Nikamwita Dhuna. Akapiga jembe. Likaruka kama limegonga chuma. Akapiga tena. Mpini ukakatika.

"Wamenishika," Maino alinong'ona. "Ni wengi. Wanapokezana."

Kuku wakanyamaza.

Tundu likafunguka ukutani. Dogo, la mviringo, kama la risasi. Likatoa vumbi. Jingine likafuata. Jingine. Hakuna mlio. Hakuna aliyepiga.

Nikamkaba kaka yangu shingoni. "Waahidi!"

"Nyumba yangu..."

"Mkeo, mpumbavu wewe!"

Akapiga magoti. "Nitawapeleka," akaunong'oneza ukuta. "Nitawapeleka mtoni."

Mkono ukaachiwa.

Sikukuu imepita. Dhuna ameziba matundu, na nyumba yake bado imesimama. Mara njia ni ndefu, mara ng'ombe wamechoka. Eti aliahidi kwa hofu tu, na ahadi ya hofu haihesabiwi!

Mkononi mwa Maino zilibaki alama nyekundu za vidole. Tumezisugua kwa majivu, kwa mchanga, hazitoki. Vidole si vya mtu mmoja. Vingine vinene, vingine vyembamba. Na kila asubuhi tunazikuta zimepanda. Kiwiko. Bega. Leo zimeanza kuzunguka shingo.

Dhuna, bomoa. Pakia gari la ng'ombe. Udongo wote, mpaka ule ulioko chini ya kucha zako. Damodar. Leo.