Nyumba ya Severini Kando ya Soko la Ifakara

Enyi mnaojenga vyumba vya kupangisha hapa Ifakara, nanyi mnaovipanga, kaeni niwaambie. Mimi Eufrasia, mfinyanzi, nilikuwa mpangaji. Haya niliyaona kwa macho yangu, na asiyetaka kusikia aende zake.

Wakati wa Mjerumani, Severini alijenga nyumba ya vyumba vinne kando ya soko. Mahali pazuri ajabu! Asubuhi ukifungua mlango, wateja hao: wenye mchele, wenye samaki wa Kilombero, wachukuzi wa nta kutoka Mahenge. Mimi na mwanangu Kelestini, mtoto wa miaka miwili, tulikaa chumba cha mbele, na kodi nililipa kwa vyungu. Mkewe Severini, Balbina, alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulitwanga pamoja, tukacheka pamoja, na jioni tulikula pamoja.

Siku moja akaja ombasha, mkubwa wa askari wa Mjerumani pale mjini. Alitaka chumba changu kwa sababu kilitazama soko lote, na alikuja na rupia mkononi. Severini hakungoja hata ugali wangu uive.

"Shemeji, toa vitu vyako."

"Leo hii, shemeji? Nina mtoto mgongoni!"

"Leo hii. Chumba kimepata mtu."

Ombasha aliona nachelewa. Akanichapa kiboko mbele ya watu mpaka nguo ikalowa damu, akavipiga teke vyungu vyangu vyote. Severini alisimama palepale, anafunga rupia kwenye pindo la nguo yake. Nikikumbuka, mpaka leo damu inanichemka.

Nilihamia Idete kwa kaka yangu Teofili. Huko watu walikuwa wanakunywa maji ya mganga, yale yaliyosemwa yatageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Aliyekunywa alivaa suke la mtama kichwani, na maana yake alikwisha kuapa kumkataa Mjerumani na askari wake. Sasa katika msururu wa wanaokunywa namwona nani? Severini!

Nikamvuta pembeni. "Unaapa kumwua askari, na askari umempangisha kwako?"

Akacheka. "Wewe biashara huijui. Suke nitalichomeka juu ya mlango. Wenye mikuki wakiliona, watapita. Mjerumani akija, atamkuta ombasha wake ndani. Nyumba yangu haitaguswa na mtu."

"Na Balbina?"

"Balbina yuko kwake, nani atamgusa?"

Jamani! Suke lile lilikuwa kiapo cha mtu, linakaa kichwani pa aliyeapa. Hata watoto wa Idete walijua halitundikwi mlangoni. Mshika mbili moja humponyoka, lakini Severini alijiona mjanja kuliko wote.

Niliposikia wapiganaji wamekusanyika, nilimwacha mtoto kwa kaka nikakimbilia Ifakara. Asubuhi nikamkuta Balbina uani anapepeta mchele.

"Mdogo wangu, twende. Wanakuja."

"Siwezi, dada. Baba wa nyumba amesema nisitoke. Nikitoka, ombasha atajua kuna jambo."

Nikamshika mkono nimvute. Palepale sokoni pakalia kelele, "Maji! Maji!" Ombasha akafyatua bunduki kutoka dirishani. Kupitia upenyo wa ua nikaona kijana wa kwanza anaanguka juu ya ungo wa muuza mchele, kichwa kimepasuka. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata. Maji hayakugeuza kitu. Lakini watu walikuwa wengi, wakafika ukutani.

Ombasha akatokea uani mbio, akamkamata Balbina nywele, akamburuta ndani awe ngao yake. Akafunga mlango wa uani. Niligonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Nikazunguka mbele, nikamkuta kiongozi wa wapiganaji ameliona suke juu ya mlango. Hakupita. "Huyu kaapa nasi, kisha kamlaza askari kwake!" akapiga kelele. "Chomeni!"

Paa la nyasi likashika moto. Severini akaja anakimbia kutoka sokoni, analia, "Mimi ni mwenzenu! Mke wangu yumo!" Wakampiga rungu akalala chini. Mlango ulipovunjwa, ombasha alimsukuma Balbina mbele, na mkuki uliomtafuta yeye ukaingia tumboni mwa Balbina. Ombasha naye wakamchoma mikuki hapohapo. Nilimtoa Balbina motoni kwa mikono hii. Aliniuliza, "Dada, mtoto anacheza?" Nikamwambia anacheza. Nilimdanganya, na kabla sijamlaza vizuri alikuwa amekata roho.

Severini alipona kipigo. Wajerumani waliporudi, aliwaendea mwenyewe kudai fidia ya nyumba, maana ombasha wao alikuwa mpangaji wake. Wakauliza watu, wakaambiwa habari ya suke na kiapo chake. Walimnyonga sokoni, mbele ya kuta zile zilizoungua.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kodi ni halali, wala sisemi msipangishe. Lakini anayemfukuza mama na mtoto kwa sababu ya mwenye rupia nyingi, huyo keshaiuza nyumba na waliomo. Na anayeweka ahadi kwa maadui wawili apate faida kotekote, hana rafiki siku ya vita. Rupia zile Balbina hakushika hata moja, na waliozilipia ni yeye na mtoto wake.