Udongo wa Chini ya Mstafeli

Sindano hakuwa na mama. Hakuwa na chumba chake mwenyewe, wala saa, wala viatu vya mvua. Hakuwa na hata picha moja ya mama yake akicheka. Iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya kitambulisho cha kazi, na katika picha za namna hiyo hakuna anayecheka. Hakuwa na mwili mkubwa pia, ndiyo maana wenzake walimwita Sindano, na ulimi wake ulipoanza kuchoma, jina likamkaa sawasawa.

Alichokuwa nacho ni mti.

Ulikuwa mstafeli, umesimama peke yake kando ya ziwa, nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichokuwa kimefungwa. Mama yake alifanya kazi humo ya kuosha ngozi za ng'ombe, na wafanyakazi waligawiwa vishamba vidogo nyuma ya ukuta. Aliupanda alipokuwa na mimba ya Kibonge, mdogo wake Sindano. "Huyu akianza shule, tutakula stafeli," alisema. Sasa Kibonge alikuwa na miaka mitano, mama alikuwa kaburini mwaka wa pili, na mti ulikuwa umezaa tunda lake la kwanza, moja tu, dogo kama ngumi ya mtoto.

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano alibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi pale mtini. Kibonge alimfuata na kikopo chake, na nusu ya maji ya kikopo ilimwagikia miguuni.

"Shikamoo mti," Kibonge alisema.

"Mti hauamkiwi, wewe."

"Huu ni wa mama."

Sindano hakumsahihisha tena.

Mwaka huo jiji liliamua kuigeuza ardhi ya kiwanda kuwa bustani ya watu wote. Kuta zilibomolewa, mitambo ikauzwa kama chuma chakavu, na upepo wa ziwa ukaanza kupita mahali ambapo haukuwa umepita kwa miaka mingi. Siku moja mwalimu aliwapeleka wanafunzi wa darasa la Sindano kule. "Bustani ni yenu," aliwaambia, "basi njooni mfanye kazi."

Walimkuta mama mmoja mpima udongo, amevaa mabuti ya mpira yaliyofika magotini. Hata dakika moja haijapita, alikwishapewa jina: Mama Buti. Alikuwa amepigilia vigingi kila upande, na kwenye kila kigingi alizamisha chuma kirefu, akakizungusha, akatoa udongo wa chini na kuutia katika kifuko.

"Ardhi ni kama mgonjwa," aliwaambia. "Hatuivishi nguo mpya kabla ya kujua inaumwa nini. Ngozi za hapa zilitiwa dawa kali. Dawa hizo zimekwenda wapi?"

"Ziwani!" alidakia Domo, rafiki yake Sindano, mvulana ambaye hakuwahi kuacha swali limalizike.

"Nyingine ziwani. Nyingine ziko chini ya mguu wako."

Domo akainua mguu mmoja, akasimama kama korongo. Darasa zima likaangua kicheko.

Sindano hakucheka. "Mahali palipoharibika mtapafanyaje?"

"Tutachimba udongo wote, tuupeleke mbali, pamoja na kila kilichoota juu yake."

"Hata miti?"

"Hata miti, mwanangu. Mizizi hunywa kile kilichopo."

Kila mwanafunzi alipewa kifuko kimoja akipeleke kwenye gari, lililokuwa limeegeshwa langoni mwa shule. Kifuko cha kigingi cha mstafeli alikabidhiwa Sindano, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia. Udongo wake ulikuwa wa kijivujivu, na ulinuka kama kiatu kilicholowa na kusahauliwa.

Walipofika uwanjani mwa shule, Sindano aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Wenzake wakampita. Alipobaki peke yake alimwaga ule udongo nyuma ya ua, akakung'uta kifuko, kisha akakijaza udongo mwekundu kutoka kwenye kitalu cha maua cha Mwalimu Mkuu.

"Ahsante, binti," alisema Mama Buti akikipokea. "Kazi safi."

Sindano aliificha nyuma mikono yake yenye udongo mwekundu.

Wiki zilipita. Kisha akaja mchora ramani wa jiji, mwanamume mpole mwenye miwani, akabandika karatasi kubwa ukutani darasani. Ziwa lilikuwa la buluu. Palikuwa na njia za kutembea, mabenchi na uwanja wa mpira, ambao Domo aliushangilia kana kwamba amekwisha kufunga bao. Sehemu kubwa ya nyuma ya kiwanda ilipakwa rangi nyekundu.

"Hapa pekundu udongo ni mbovu," alieleza. "Lakini tazameni bahati hii! Katikati ya wekundu kuna kisiwa cha kijani, chenye mti mmoja mzuri. Pamepimwa, ni pasafi. Kwa hiyo tunauacha mti, na chini ya kivuli chake tunaweka bembea na shimo la mchanga kwa watoto wadogo."

Darasa lilipiga makofi. Domo alimpiga Sindano begani. "Mti wenu umepata cheo! Kesho tutaomba ruhusa kukusalimia."

Sindano alitabasamu kwa midomo tu. Alikuwa amepata kila alichokitaka. Mti ungebaki. Watoto wangecheza chini yake mpaka yeye mwenyewe awe bibi. Alijaribu kufurahi, akashindwa.

Jioni alimkuta Kibonge amekaa chini ya mstafeli. Alikuwa amechimba shimo kwa kijiko, akakanda udongo kwa maji ya kikopo, na sasa alikuwa amejipaka mpaka kwenye viwiko.

"Natengeneza uwanja wetu," alisema. "Mwalimu wa chekechea ametuambia. Nitabembea wa kwanza, kwa sababu mti ni wa mama."

Akainua viganja vyake amwonyeshe. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imeanza kubabuka, nyeupe nyeupe.

Sindano alikuwa amewahi kuona viganja vya namna hiyo. Mama yake alipotoka kazini alishika kikombe cha chai kwa vifundo vya mikono, kwa sababu viganja vilikuwa vimepasuka na joto liliviunguza. Alikuwa akilifanyia mzaha jambo hilo. "Mnaniona?" alisema. "Nakunywa chai kama panya." Nao walicheka, kila jioni walicheka.

Sindano alimnyanyua Kibonge mzimamzima, akakimbia naye hadi bombani. Alimsugua mikono kwa sabuni mpaka mtoto akalia.

"Unaniumiza, dada!"

"Najua," alisema. "Najua."

Baba yao alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na usiku walikula wakiwa wamezungukwa na harufu ya mbao. Sindano aliingia, akasimama mlangoni, akasema yote bila kupumua: kifuko, ua, kitalu cha maua, ramani. Baba alikuwa akipiga randa mguu wa meza. Mwanzo randa iliendelea. Kisha ikaenda polepole. Kisha ikanyamaza.

Sindano alingoja kofi. Halikuja.

"Tulipopewa kile kishamba," baba alisema hatimaye, "mama yako aliuliza. Hakuwa mjinga. Alimuuliza msimamizi, 'Hapa ni pasafi?' Yule bwana akamjibu, 'Pasafi kabisa, mama, hata mimi ningepanda.' Basi akapanda." Alipangusa maranda mapajani mwake, ingawa hayakuwa mengi. "Sijui kama ni dawa zile zilizomuua. Hata daktari hakujua. Mimi ninachojua ni kwamba aliuliza, na hakuambiwa kweli."

Sindano alitazama chini.

"Sasa mama fulani atamleta mtoto wake pale. Atauliza kama mama yako alivyouliza. Na ramani itamjibu, 'Pasafi kabisa.'"

"Baba, tukisema wataung'oa."

"Wataung'oa."

"Basi sisi tutabaki na nini?"

Baba aliipangusa randa, akaiweka rafuni.

Asubuhi walikwenda pamoja kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akapiga simu. Mama Buti alifika kabla ya mchana. Hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya Sindano, mabuti yakalia.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema. "Nimekuta vigingi vilivyong'olewa na watu wazima wenye ndevu zao, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia. Umechelewa, lakini umekuja. Na mimi nilikosea. Vifuko vile nilitakiwa nivibebe mwenyewe."

Alichimba upya. Safari hii kifuko hakikutoka mikononi mwake.

Majibu yaliporudi, udongo wa chini ya mstafeli ulikuwa mbovu kuliko wa vigingi vyote. Mchora ramani alikuja kubandua karatasi yake ukutani, akarudi na nyingine. Bembea zilikuwa zimehamia upande wa barabara ya shule, kwenye udongo mzuri. Kisiwa cha kijani hakikuwepo. Kibonge alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya kupaka, na ngozi ya vidole ikaanza kupona. Watoto wote waliokuwa wakicheza kule walikatazwa. Domo alimbebea Sindano mkoba mpaka nyumbani, bila kuombwa.

Siku ya mashine kuja, baba alitangulia na msumeno.

"Hautang'olewa na chuma cha watu," alisema. "Nitaukata mwenyewe."

Hakuchukua muda mrefu. Mti ulikuwa mdogo kuliko walivyoufikiria walipokuwa wakiupenda. Tunda lilianguka nyasini, bado bichi, likabingirika hadi miguuni mwa Kibonge. Akaliokota, akalikumbatia.

"Kibonge, lirudishe," Sindano alisema.

"Ni la mama!"

"Ni la mama. Na mama hangetaka ulile."

Mtoto alilia kwa sauti, akilishikilia. Sindano alikaa chini karibu naye, akasubiri, bila kumnyang'anya. Kilio kilipopungua, Kibonge mwenyewe alisimama akaliweka juu ya matawi yaliyopakiwa katika lori. "Kwaheri mti," alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia kwamba mti hauagwi.

Kabla ya kuondoka Mama Buti alimwita Sindano kando. "Hapa dawa zimeshuka chini kuliko mashine zinavyoweza kuchimba. Tutaleta udongo wa mfinyanzi tupafunike, juu yake nyasi. Hakuna atakayeruhusiwa kuchimba tena. Tutasimamisha ubao. Lakini vibao vyetu huandikwa 'Usichimbe' basi, na watu huchimba, kwa sababu hawajui kwa nini. Niandikie wewe maneno ya ubao. Nitumie kwa barua."

Sindano aliandika, akachana, akaandika tena. Jioni moja alimsomea baba pale karakanani ile barua ya kwenda kwa Mama Buti, huku Kibonge akichezea maranda sakafuni kwa vidole vyake vilivyopona:

"Mama, shikamoo. Maneno ya ubao ni haya. *Usichimbe hapa. Chini kuna dawa za kiwanda cha ngozi, nazo huumiza watu. Zamani hapa palikuwa na mstafeli. Aliyeupanda aliuliza kama udongo ni safi, akadanganywa. Wewe tunakuambia kweli.* Kama ubao ni mdogo, punguza mengine, lakini usipunguze la mwisho. Mimi, Sindano."

Juu ya rafu, ile picha ya kitambulisho iliwatazama wote bila kucheka.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema baba. "Sawa, ni fupi. Lakini hata ikiwa fupi, hupita katika nyumba za watu, na huacha majeraha kila inapopita. Ulidanganya kwa sababu ya mapenzi, mwanangu, nami siwezi kukuchukia kwa hilo. Ila udongo haujali tumedanganya kwa mapenzi au kwa ubaya. Unabaki vile ulivyo, na anayekuja nyuma yetu ndiye anayeumia. Kweli imetugharimu mti. Uongo ulitugharimu zaidi."

Sindano alikunja karatasi, akaitia katika bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, haikushika. Baba akachovya kijiti katika kopo la gundi ya mbao, akampa.

"Tumia hii. Haiachii."

Alipaka taratibu kutoka pembe hadi pembe, akabana kwa viganja viwili mpaka ikashika. Kisha wakatoka wote watatu hadi kwenye sanduku la posta la pembeni mwa barabara. Sindano alimnyanyua Kibonge, naye akaidumbukiza barua. Walisikia ikigonga chini.